Pointi 20, madau matatu: namna ya kufungua mnada wa briji ukiwa na mkono mzito

Kwenye meza za wanaojifunza briji, karata dhaifu hazizui mabishano. Mabishano huja pale mtu anapookota karata zake na kukuta zimejaa ree na wafalme. Ana pointi 20, anafungua mnada kwa dau dogo la uru moja, na mchezo ukiisha mwenza wake anamkabili: "Mwenzangu, karata zote hizo, ukaanza na moja?" Meza ya jirani, mwingine mwenye pointi 20 zilezile amefungua kwa pau mbili, ilhali pau alizo nazo ni mbili tu. Wa tatu, naye ana 20, ameanza na mbili bila turufu. Anayetazama pembeni anaona vurugu, na anahitimisha kwamba kila mtu anajipigia anavyotaka.

Lakini wachezaji wote watatu wanaweza kuwa wamefanya sawa kabisa. Kinachotatanisha ni imani kwamba dau la kwanza hutangaza ukubwa wa mkono, kwamba mwenye kingi aanze juu na mwenye kidogo aanze chini. Sivyo mnada unavyofanya kazi. Dau la kwanza huchaguliwa kwa kutazama dau la pili: nikisema hili, mwenzangu akajibu vile, nitabaki na nafasi ya kusema yaliyosalia?

Maneno ya kuanzia

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenza huketi wakitazamana. Karata 52 hugawanywa zote, kila mmoja 13, na hizo 13 ndizo zinazoitwa mkono. Aina ni nne: pau (♣), uru (♦), kopa (♥) na shupaza (♠). Mchezo wenyewe ni wa mizunguko 13. Katika kila mzunguko kila mtu huweka karata moja, na kubwa hula. Kukiwa na aina iliyotajwa kuwa turufu, hata turufu ndogo hula karata kubwa ya aina nyingine.

Kabla ya kucheza kuna mnada. Dau hutaja idadi na aina. Mizunguko sita ya kwanza haihesabiwi, kwa hiyo anayesema 1♦ anaahidi kwamba upande wake utakula mizunguko saba uru ikiwa turufu, na anayesema 4♠ anaahidi kumi shupaza ikiwa turufu. Mtu anaweza pia kusema bila turufu, ambapo karata kubwa ya aina iliyotangulia kuwekwa ndiyo hula, basi. Asiyetaka kusema hupita. Wakipita watatu mfululizo baada ya dau, mnada umefungwa na dau la mwisho linakuwa mkataba.

Nguvu ya mkono hupimwa kwa pointi: ree (A) 4, mfalme (K) 3, malkia (Q) 2, ghulamu (J) 1. Karata zote kwa pamoja zina pointi 40, kwa hiyo wastani wa mtu mmoja ni 10. Kwa kawaida mtu hufungua mnada akiwa na 12 hivi au zaidi. Mkono mzito, kwa maana ya makala haya, ni ule unaokaribia 20 na kuendelea, au ule wenye pointi pungufu ya hapo lakini unaokula mizunguko mingi peke yake. Kipengele hicho cha pili ndicho watu husahau.

Hofu inatoka wapi

Hofu ya kufungua chini ukiwa na mkono mzito ina sababu ya kweli, nayo iko kwenye hesabu ya alama. Tuseme upande wenu umekula mizunguko kumi shupaza ikiwa turufu. Kama mkataba ulikuwa 4♠, mtapata alama 420. Kama mnada uliishia 1♠, mizunguko ileile kumi itawapa 170 tu. (Hizo ni hesabu za mashindano kwa upande usio hatarini. Katika kila mgao kila upande huwa umewekwa hatarini au la, na ukiwa hatarini zawadi kubwa na adhabu hupanda.) Tofauti hiyo ni zawadi ya gemu, inayotolewa kwa anayeahidi vya kutosha kabla ya kucheza: mizunguko tisa bila turufu, kumi kwa kopa au shupaza, kumi na moja kwa pau au uru. Juu ya gemu kuna slemu, ahadi ya mizunguko 12, na 6♠ iliyotimia huleta 980.

Kwa hiyo mwenye mkono mzito anawaza hivi: nikianza na moja, mwenzangu akapita, nimepoteza gemu. Wazo hilo si la kijinga. Kosa ni kutibu hofu hiyo kwa kuruka juu kila mara.

Ngazi isiyoshuka

Uchukulie mnada kama ngazi ya kupanda tu. Kila dau jipya lazima liwe juu ya lililotangulia, na hakuna kurudi chini. Katika kila daraja mpangilio ni pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu. Madaraja ni saba, kwa hiyo ngazi nzima ina vipandio 35. 1♣ ni kipandio cha kwanza, 1♦ cha pili, 2♣ cha sita, na 3 bila turufu, gemu inayotafutwa kuliko zote, iko kwenye kipandio cha 15.

Kipandio ulichoruka ni sentensi ambayo wewe na mwenzako hamtaisema tena. Wenza wenye karata dhaifu hawaumii sana kwa hilo, maana hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Wenye mkono mzito ndio wenye mengi: kuna gemu au hakuna, kuna slemu au hakuna, turufu iwe ipi. Ndiyo maana, kinyume na wengi wanavyodhani, mkono mzito ndio unaohitaji kubana matumizi ya ngazi.

Sasa tuitazame ile mikono mitatu.

Mkono uliosawazika

♠ A K 7 ♥ K Q 6 ♦ A J 8 4 ♣ K 10 5

Zihesabu: 7 na 5 na 5 na 3, jumla 20. Aina zote zina karata tatu au nne. Hakuna aina ndefu, hakuna iliyokosekana. Mkono wa namna hii huitwa uliosawazika, na kwa mfumo unaotumiwa na wengi leo, ambao nitaufuata humu, uliosawazika wenye pointi 20 au 21 hufunguliwa kwa 2 bila turufu.

Hapa tumeruka vipandio tisa mara moja, je, si kinyume cha nilichosema sasa hivi? Dau hili ni ghali, lakini linalipia gharama yake kwa kusema kila kitu: umbo la mkono linajulikana na pointi zinajulikana kwa tofauti ya moja. Mwenza mwenye pointi 5 anajumlisha 20 na 5, anaona 25, kiasi ambacho kwa kawaida kinatosha kwa gemu, na anasema 3 bila turufu. Mwenye 2 anapita. Mwenye 13 anajua jumla ni 33 na kuendelea, na 33 ndicho kipimo cha kawaida cha slemu. Uamuzi umehamia kwake.

Pointi zikibadilika, dau linabadilika kwa namna ambayo mwanzoni huwachanganya watu. Mkono uliosawazika wa 15 hadi 17 hufunguliwa 1 bila turufu. Wa 20 au 21, 2 bila turufu. Wa 18 au 19, ulio katikati, hufunguliwa kwa aina, mathalani 1♦, na baada ya jibu la mwenza ndipo unaruka hadi 2 bila turufu. Inaonekana kama 18 imeshushwa cheo chini ya 16, lakini fikiria mwenza akiwa na pointi 3. Kwa 18 na 3 mna 21 pamoja, na ukifungua 2 bila turufu utalazimika kula mizunguko minane kwa nguvu inayozidi nusu kwa pointi moja tu. Ukianza na 1♦, anapita, na mko salama chini. Akijibu, amekwisha kuonyesha walau pointi 6, na sasa kuruka hakuna hatari.

Kuanzia 22 kwenda juu, 2 bila turufu haitoshi tena. Mkono huo unahamia kwenye dau la ajabu kuliko yote.

Pau mbili ambazo si pau

♠ A K Q 10 9 6 2 ♥ A K 5 ♦ 8 ♣ A 4

Hizi nazo ni pointi 20. Acha pointi kwanza, hesabu mizunguko. Shupaza saba karibu hakika zote zitakula, kopa mbili, pau moja. Kumi. Mwenza anaweza kuwa hana hata ghulamu mmoja na bado 4♠ ikatimia. Linganisha na mkono uliotangulia: shupaza mbili, uru moja, kopa moja, na mfalme wa pau akibahatika. Ya uhakika ni minne. Pointi ni zilezile 20, lakini mkono mmoja unakula minne na mwingine kumi.

Ukifungua huu kwa 1♠, mwenza mwenye pointi 3 atapita, na atakuwa amefanya sahihi, maana hujamwambia la kumzuia. Hapa ile hofu ina haki kamili. Kwa mikono ya namna hii kuna 2♣, dau la ishara. Halisemi lolote kuhusu pau. Linasema: nina mkono mzito kuliko dau la daraja la kwanza linavyoweza kubeba, usipite hata kama huna kitu. Mwenza karibu kila mara atajibu 2♦, ambayo nayo ni ishara tu, njia ya kusema nakusikiliza, endelea. Ndipo mfunguaji anasema alicho nacho: hapa, 2♠.

Kipimo kinachofaa kabla ya kusema 2♣ ni maswali mawili. La kwanza: je, nina gemu mkononi, au nimebakiza mzunguko mmoja tu kuifikia? Yaani mizunguko tisa ikiwa aina yangu ni kopa au shupaza, kumi ikiwa ni pau au uru. La pili: je, nina ree na wafalme wa kutosha nje ya aina yangu ndefu, ili wapinzani wakichukua mkataba wao mwenzangu asidanganyike kuhusu nguvu yetu ya kuwazuia? Mikono iliyosawazika ya pointi 22 na kuendelea huingia bila maswali hayo: 2♣ kwanza, kisha 2 bila turufu kwa 22 hadi 24. Hiyo ndiyo njia pekee inayomruhusu mwenza asiye na kitu kupita chini ya gemu. Madau mengine yote ya pili baada ya 2♣, kwa makubaliano ya wengi, humtaka aendelee.

Pointi 22 au zaidi huja takriban mara moja katika kila mikono 240. Unapoona mtu anafungua 2♣ kila jioni mara kadhaa, kuna mahali anahesabu vibaya.

Mkono unaowagawa watu

♠ 4 ♥ A Q 3 ♦ A K J 8 5 ♣ A Q 9 6

Pointi 20 tena. Ni mkono mzuri sana, na ni huu unaofunguliwa vibaya kuliko mingine yote. Anayeanza kujifunza anatamani 2♣. Mimi nafungua 1♦, na nadhani hakuna uchaguzi wa pili wa kweli.

Fuata njia ya 2♣ uone. Mwenza anajibu 2♦. Sasa lazima utaje uru, na kwa kuwa 2♦ imeshasemwa, unasema 3♦. Uko kwenye kipandio cha 12. Umetaja aina moja. Kuhusu karata za mwenzako hujui lolote, maana 2♦ yake haikusema kitu. Kabla ya 3 bila turufu vimebaki vipandio viwili, 3♥ na 3♠, na ukitaka kutaja pau zako itabidi uvuke gemu hiyo hadi 4♣.

Sasa fuata njia ya 1♦. Mwenza anajibu 1♠: ana walau shupaza nne na walau pointi 6. Unaruka hadi 3♣. Kuruka huko katika aina mpya kunamwambia mna nguvu ya gemu na haruhusiwi kupita kabla ya hapo. Mko kwenye kipandio cha 11, chini ya pale njia ya kwanza ilipofika, na tayari zimetajwa uru zako, pau zako, nguvu yako na shupaza zake. Anayeanza chini amesema mara tatu zaidi, na bado ana nafasi.

Tumpe mwenza karata za kawaida:

♠ K 8 5 3 ♥ 7 4 ♦ Q 10 4 ♣ K 10 7 3

Pointi 8. Jumla yenu ni 28, mbali na zile 33 za slemu. Lakini aliposikia 3♣ aliona kwamba mna pau nne kwa nne, malkia wake wa uru anajaza aina yako ndefu, na mfalme wa pau ni dhahabu. Anapandisha pau, na 6♣ inafikika. Pau na uru za wapinzani zikigawanyika kwa kawaida, na ree ya shupaza au mfalme wa kopa akikaa upande unaokufaa, slemu hiyo inatimia: uru tano zinakula, kopa za mwenza zinatupwa juu ya uru za mwisho, kopa yako ndogo inakatwa kwa turufu yake, na unapoteza mzunguko mmoja tu. Pau zilizokaa nne kwa nne ndizo zilizoleta hilo. Katika njia ya 2♣ zingeweza kabisa zisitajwe.

Ona pia kwamba aina yenyewe inabadilisha gharama. Yule mwenye shupaza saba alipofungua 2♣ na kusikia 2♦, alitaja aina yake kwa 2♠, kipandio cha tisa. Kwa kopa ingekuwa cha nane. Mwenye pau anaitaja kwa 3♣, cha 11, na mwenye uru kwa 3♦, cha 12. Kwa sababu hiyo naweka kizingiti cha 2♣ juu zaidi pale aina ndefu inapokuwa uru au pau, na juu zaidi ya hapo mkono unapokuwa na aina mbili ndefu za kutaja. Mkono wa aina moja hujieleza haraka. Wa aina mbili unahitaji madau mawili kabla hata ya kumsikia mwenza.

Na wote wakipita?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huuliza hapa. Nikifungua 1♦ na pointi 20, si wanaweza kupita wote watatu?

Wanaweza. Lakini fanya hesabu. Ukiwa na 20, zimebaki 20 kwa watu watatu, wastani wa chini kidogo ya 7 kwa kila mmoja. Mwenza mwenye 6 atajibu. Asipokuwa nazo, basi wapinzani wana walau 15 kati yao, na mara nyingi mmoja wao ataingia mnadani, hasa yule wa mwisho, ambaye anajua kwamba akipita mnada umekwisha. Watu katika nafasi hiyo husema hata kwa pointi chache. Ukipewa nafasi ya pili, unasema tena kwa nguvu. Na pale wote watatu wanapopita kweli, mwenza ana chini ya 6 na kwa kawaida wapinzani wamegawana zilizobaki. Mara nyingi gemu haikuwepo. Itatokea mara mojamoja kwamba ilikuwepo. Hasara hiyo ni ndogo kuliko slemu na gemu zinazopotea kwa kuziba ngazi kila mara mkono mzito unapokuja.

Jambo lenye maana zaidi ni kutambua mikono ambayo hesabu hii haiifai, na tumeshauona mmoja. Ukiwa na mizunguko kumi mkononi, pointi tatu za mwenza hazihusiki kabisa. Kwa huo, kupitwa ni msiba. Kwa wenye uru tano na pau nne, mizunguko ya kutegemea ni saba hivi; mwenza asiye na kitu ataifanya gemu kuwa ndoto.

Dau kubwa la mkono mdogo

♠ A K Q J 9 8 6 3 ♥ 5 ♦ 7 4 ♣ 10 2

Pointi 10 tu, lakini mizunguko minane iko wazi mbele yako. Wapo wanaofungua huu 2♣ wakisema, si tulifundishwa kuhesabu mizunguko? Ndiyo, ila swali la pili limesahauliwa. Nje ya shupaza hakuna kitu. Wapinzani wakienda 5♦, mwenza aliyesikia 2♣ ataamini una ree huku na huku, na atazidisha dau lao maradufu akitarajia adhabu, kumbe mkataba huo watautimiza kwa raha.

Huu ni wa 4♠, moja kwa moja. Na hapo ndipo imani nyingine inapoanguka: anayefungua juu sana, kwa tatu au nne ya aina, kwa kawaida ana mkono mwembamba wenye aina moja ndefu. Anaruka vipandio makusudi ili wapinzani, wenye nguvu zaidi yake, wakose pa kuzungumzia. Kuziba ngazi ni silaha ya asiye na mengi ya kusema.

Pointi nazo zina ubora tofauti. Ree na wafalme walio ndani ya aina ndefu hufanya kazi maradufu, maana wanainua karata ndogo zilizo nyuma yao. Mfalme aliyekaa peke yake katika aina, au malkia na ghulamu wawili tu pamoja, huhesabiwa pointi 3 lakini huenda wasile mzunguko hata mmoja. Mkono wa 22 uliojaa malkia na maghulamu katika aina fupi naushusha bila kusita.

Ishara si siri

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba 2♣ haimaanishi pau huona kama wenza wana lugha ya kificho. Sheria za briji zinasema kinyume. Makubaliano yote lazima yawe wazi kwa wapinzani. Wana haki ya kuuliza dau lina maana gani na kujibiwa. Kinachokatazwa ni kupashana habari kwa sauti, uso au mwendo wa mkono. Vyama vingi vya mchezo huu vina hata kanuni zinazoeleza mkono gani unastahili kuitwa mzito unapotumia 2♣, ili mpinzani asipotoshwe.

Wala 2♣ si njia pekee iliyowahi kutumika. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyeweka misingi ya hesabu ya alama ya briji ya sasa mwaka 1925, alipendelea 1♣ iwe ndiyo ishara ya mkono mzito. Ely Culbertson, aliyeutangaza mchezo huu Marekani katika miaka ya 1930, alifundisha kwamba dau la mbili katika aina yoyote ni la mkono mzito unaotaja aina yake papo hapo. Njia ya Culbertson ni rahisi kueleweka, lakini inatenga madau manne kwa mikono ambayo karibu haiji. Baadaye wachezaji waliyarudisha 2♦, 2♥ na 2♠ kwa mikono myembamba yenye aina ya karata sita, wakaikusanya mizito yote chini ya 2♣. Wazo la Vanderbilt nalo halikufa. C. C. Wei aliunda mfumo wa Precision, ambao 1♣ ni ishara ya pointi 16 au zaidi, na timu ya Taiwan iliyoutumia ilifika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl mwaka 1969, nyuma ya Italia, ambayo nayo ilikuwa na wachezaji wa mifumo ya 1♣ nzito.

Mifumo hiyo ina faida iliyo dhahiri kwa aliyefuata hesabu ya ngazi: mkono mzito unatangazwa kwenye kipandio cha kwanza. Udhaifu wake ni kwamba mfunguaji hajataja aina yoyote, na wapinzani wajanja hurukia hapo hapo kwa 2♠ au 3♥ ili kuziba. Anayecheza mfumo huo na mwenza wa kudumu, walioketi wakakubaliana majibu yote, atafaidika. Kwa wenza wanaokutana mara chache, 2♣ ina mambo machache ya kusahau.

Umbo linalosumbua

Nimalizie na mkono ambao hata wazoefu hawakubaliani:

♠ A K Q 5 ♥ A Q J 4 ♦ A J 8 3 ♣ 6

Pointi 21, aina tatu za karata nne nne, pau moja. Wapo watakaosema 2♣, na siwalaumu. Lakini baada ya jibu la 2♦ watasema nini? 2♥ au 2♠ huahidi aina ya karata tano, ambayo hawana. 2 bila turufu huahidi mkono uliosawazika wa 22 na kuendelea, na huu una pau moja na pointi pungufu. 3♦ huahidi aina ndefu. Kila mlango una uongo ndani yake.

Nafungua 1♦. Mwenza akijibu 1♥ au 1♠, tumepata turufu yenye karata nane, na naruka hadi 4♣, dau ambalo kwa wenza waliokubaliana hivyo linasema: nina karata nne za aina yako, nguvu ya gemu, na pau moja au sifuri. Akiwa na karata za kupoteza katika pau, anajua zitakatwa, na anaweza kuanza kuwaza slemu. Akijibu 1 bila turufu, napandisha hadi 3. Jibu pekee linalonipa kazi ni 2♣, maana pau zake zimeangukia kwenye karata yangu moja. Hapo nasema 2♥, dau linaloonyesha mkono mzito na kumtaka aendelee, kisha nasikiliza kabla ya kuvuka 3 bila turufu.